Mgongo wa Malkia wa Karatasi

Mimi niliwahi kumvisha malkia, na malkia sijawahi kumwona. Lakini wacha nianze na mkono wa memsabu, mke wa mzungu wa shamba, maana bila huo mkono nisingetoka kwenye pareto hata wiki moja.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kule juu Molo, baba akiwa mpishi kwenye shamba la mzungu. Baridi ya Molo wakati huo si hii ya sasa. Ukichuma maua ya pareto na umande, vidole vinakufa, unavipuliza kama moto wa kuni mbichi. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, ama kumi na nne. Mama alihesabu kwa mavuno, na mavuno mengine aliyasahau.

Basi memsabu akaanguka kutoka kwa farasi, mkono wa kulia ukafungwa plasta. Alikuwa akimtengenezea mjukuu wake huko ng'ambo midoli ya karatasi ngumu, pamoja na nguo za karatasi za watu wao wa kale. Kuchora kwa penseli alikuwa amemaliza, rangi bado. Akakumbuka ukuta wa nyumba yetu, vile nilikuwa nimeupaka udongo mwekundu na mweupe kama wanawake wa kwetu magharibi. Akaniita.

"Wewe naweza piga rangi hii?"

"Naweza, memsabu."

Jikoni baba akaniambia, "Ukiharibu, Jumatatu unarudi kwa kikapu cha pareto. Usije kunililia."

Nikakaa mezani karibu na moto, kitabu kikubwa cha picha mbele yangu. Kulikuwa na malkia mmoja mwenye kola pana kama sinia, mikono ya gauni imefura kama malenge. Nilimpaka lulu moja moja kwa brashi ya nywele tatu.

"Baba, huyu anakulaje na hiyo sinia shingoni?"

"Analishwa."

"Na akitaka kujikuna?"

"Paka rangi, mama!"

Baba aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Huyo nyanya alivaa ngozi mpaka kufa kwake, lakini hayo ni mengine.

Siku ya mwisho memsabu alienda stesheni, nikajaribu kumvisha malkia. Kila gauni lilikuwa na masikio madogo mabegani, unayakunja, linashika. Likashika vizuri. Nikamgeuza. Lo! Nyuma ni karatasi tupu! Mtu mzima, malkia, amevaa mbele peke yake! Molo sokoni tulikuwa na mama mmoja aliyechanganyikiwa akili, akijifunga gunia mbele, nyuma wazi, na watoto wakimkimbiza. Nikasema mjukuu wa memsabu atageuza hii kitu na aseme mpakaji alikuwa mvivu.

Kitabu hakikuonyesha mgongo wa mtu hata mmoja. Nikawapaka nyuma migongo ninayoijua. Huyu fundo la aproni, yule kiraka kidogo. Malkia nilimfikiria sana. Mwanamke mwenye gauni kubwa hivyo hawezi kukosa mtoto, na mtoto anakaa wapi? Nikampaka mtoto mgongoni, amefungwa na leso nyekundu, kichwa kikichungulia juu ya sinia.

Memsabu aliporudi akageuza moja, akageuza nyingine. Kwa malkia akasimama.

"Hii mtoto ya nani?"

"Yake, memsabu."

"Malkia hii hapana zaa. Hapana olewa kabisa."

"Pole," nikasema. Nilimwonea malkia huruma kweli.

Mabega ya memsabu yakatikisika. Alikuwa amenipa kisogo, sikujua ni kicheko ama ni machozi. Akatoka.

Baba alishika kichwa. "Wewe! Umemzalisha malkia wa watu!"

Jumatatu nyapara akanipa kikapu. Hakuna aliyeniambia kwa nini. Plasta ilikuwa bado mkononi mwa memsabu, kwa hivyo si kwamba amepona. Lakini baba alisema bahasha imeenda na treni, na nguo zote ndani, na viraka vyake. Zote isipokuwa moja.

Hiyo niliiona nikipita na kikapu. Malkia alikuwa amesimamishwa dirishani, mgongo nje, mtoto akitazama pareto. Kama alikasirika, si angemchoma? Na kama alifurahi, mbona mimi niko kwenye umande?

"Muulize," nikamwambia baba.

"Muulize wewe, wewe ndiye mkunga."

Nikapuliza vidole, nikaendelea kuchuma. Kila nikiinua kichwa, yule mtoto ananiangalia.