Picha ya Nyama ya Mama

Mama alikuwa anapikia chumbani kwetu Sanyuanli, hapa Guangzhou nchini China, ghorofa ya saba, bila kibali cha mtu yeyote. Wafanyabiashara wa Kitanzania wanaoshinda bandarini Nansha wakisubiri kontena walibeba nyama yake ndani ya chapati, maana haichachi upesi. Anailaza kwenye chumvi na vitunguu saumu siku tatu, anaipaka pilipili manga, kisha anaianika kwenye nondo za dirisha. Jiko hilo ndilo lililotuweka mjini. Nilikatazwa kitu kimoja tu: kulipiga picha.

Siku hiyo tulikuwa kwenye kipindi cha historia. Simu iko chini ya dawati, nami nimo kwenye kundi la wageni wa Guangzhou wapenda chakula, ambako nilijiona mfalme wa vichekesho. Jamaa mmoja Myahudi akauliza atapata wapi pastrami, ile nyama ya ng'ombe ya chumvi na moshi ambayo babu yake aliiuza dukani kwake, na mkate mweusi, haradali na matango ya siki. Nikaandika kwamba Myahudi akikukatia nyama, unaweza kusoma gazeti kupitia hicho kipande. Vicheko vikamiminika.

Yeye hakucheka. "Kwa babu yangu mkate ulikuwa hauonekani kwa nyama," aliandika. "Wateja wake walishuka melini na njaa. Angewakatia nyembamba angewatazamaje?"

Hapo ilinipasa ninyamaze. Badala yake nikaongeza kichekesho cha Mjerumani na soseji yake. Ndipo mtu mwingine kabisa akaingia: "Na Mwafrika anajua nini kuhusu nyama? Si mnakula uji tu."

Nikapandwa na hasira. Nilikuwa na picha niliyoipiga kwa kuiba Jumapili, nyama ya mama ikining'inia dirishani. Nikaitupia kundini. "Hii ya bi mkubwa. Babu yenu aje asome gazeti kupitia hii."

Myahudi alijibu wa kwanza: "Inafanana na ya babu. Naweza kuja kuonja?"

Waliofuata hawakuomba kuonja. Uchafu, wakasema, magonjwa, Waafrika ndivyo walivyo. Aliyewajibu ni yule Myahudi peke yake, nao wakamrushia kichekesho changu cha gazeti, neno kwa neno.

Niliifuta picha, lakini walishainakili, na nyuma ya nyama lilikuwa limeonekana bango la hoteli ya jirani. Niliporudi kutoka shule nilimkuta mwenye nyumba mlangoni, ile picha imo kwenye simu yake. "Bu xing, bu xing," haiwezekani, na mama anamwita dada, dada, kwa Kiswahili, kama vile angeelewa. Jiko litoke leo, la sivyo tutoke sisi.

Jioni mama akawa anaishusha nyama.

"Ulikuwa unabishania nini?"

"Nyama ya Wayahudi."

"Wewe unamjua Myahudi gani?"

"Mmoja. Anataka kuja kuonja."

Aliendelea kufungua kamba. "Mwambie hakuna."

Sikumwambia. Nilikuwa nimeshajitoa kwenye kundi.