Tulipokwenda Kwenye Bembea Idd Imeshapita

Nilikwenda kwenye kile kiwanja cha bembea pale Lindi kwa hasira. Niseme hivyo mapema, maana watu wakisikia mama kampeleka mtoto kucheza wanadhani ni mapenzi matupu. Mimi nilitaka picha. Nilitaka mwanangu akae juu ya farasi, acheke, nimpige picha, niitume kwa wifi yangu bila kuandika hata neno moja.

Wifi yangu ni dada wa marehemu mume wangu. Yeye anaishi Lindi mjini, sisi tunakaa Kiswere. Mume wangu alifariki katikati ya Shaabani, nikaingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, na Idd zote mbili zikanikuta humo humo. Kabla hajaugua alimwahidi binti yetu kwamba Idd ikifika atampeleka Lindi kwenye bembea. Siku ya msiba wifi akasema mbele ya watu, "Usijali, mtoto nitampeleka mimi, ni damu yangu." Mtoto ana miaka sita. Maneno kama hayo anayashika.

Idd ndogo ikaja, wifi hakuja. Jioni zikaingia picha kwenye simu: watoto wake watatu ndani ya kitreni, midomo myekundu kwa barafu za rangi. Idd kubwa vilevile. Gauni la Idd la mwanangu lilikaa kwenye mfuko wake wa nailoni, na mimi nikakaa na hasira yangu, mwenye eda hana pa kwenda kuitapika.

Nilipotoka eda, safari yangu ya kwanza ilikuwa kufuata cheti cha kifo Lindi. Nikamvika mtoto lile gauni la kumetameta. Lilikuwa limeshaanza kumbana kwapani. Cheti nikakipata kabla ya adhuhuri, nikamwambia, sasa twende.

Geti lilikuwa limefungwa kwa kamba. Nikapiga hodi.

"Ingia, kama wewe si mbuzi!"

Alikuwa mama wa makamo, mlinzi wa pale, anamenya mihogo kwenye kibanda cha kukatia tiketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepotea? Ofisi ziko kule juu."

"Nimemleta mtoto kwenye bembea."

Akanitazama, akalitazama gauni. "Mwanangu, Idd imepita, korosho bado. Saa hizi labda mbembee na mihogo yangu."

Hakuwa anatania. Lile duara la farasi wa plastiki wanaozunguka lilikuwa limejaa vipande vya muhogo, yameanikwa makopa juu ya kila mgongo. "Mbuzi wa mji huu hawana adabu," akasema, "lakini kupanda farasi hawajajifunza."

Akatutembeza mwenyewe, kisu mkononi. Kitreni hakikuwa na injini, na kwenye behewa la mwisho kuku alikuwa analalia mayai. Lile puto kubwa la kurukia lilikunjwa chini ya turubai, limekuwa dogo kama godoro. Gurudumu la taa halikuwa na taa. Nilipita nagusa kutu, nikijiuliza. Ndiyo haya? Miezi yote ile nimelala naangalia dari, kifua kinaniuma kwa sababu ya vyuma hivi, na rangi yenyewe inabanduka kwa kidole.

Yule mama akasema umeme umekatwa mpaka mwenye kiwanja arudi msimu wa korosho, ila duara la farasi linasukumika kwa mkono. Nikaondoa makopa kwenye farasi mweupe asiye na sikio moja, nikampangusa kwa mtandio. Nikatoa simu.

"Haya, panda."

Mwanangu akarudi nyuma. "Sipandi."

"Panda nikupige picha."

"Sitaki."

Nikamshika mkono, nikamvuta, na si kwa upole. "Nimekutoa Kiswere asubuhi yote hii, unanitia aibu mbele ya mama wa watu? Nikihesabu tatu hujapanda, utanitambua!"

Akaanza kulia bila sauti. Nilipofika mbili akasema, "Eda yangu haijaisha."

Mama wa makopa alicheka. Kisha akaacha.

"Watoto hawakai eda," nikamwambia. "Nani kakudanganya? Shangazi yako, eh?" Na Mungu ananiona, nilitaka awe ni wifi. Matusi nilikuwa nimeshayapanga.

Akatikisa kichwa. "Mimi nilikaa na wewe. Wewe ulipotoka walikuogesha, wakakupaka marashi. Mimi hawajaniogesha."

Nikakaa pale kwenye ukingo wa duara, makopa yakanichoma matakoni.

Alikaa kweli. Tangu wiki ya kwanza alikaa mkekani ubavuni mwangu. Shoga yangu alipotaka kumpaka mafuta ya kunukia kichwani alikataa: "Mimi na mama hatupaki." Wageni wakamsifu, mtoto ana huruma huyu, na mimi nikaona raha kusifiwa. Watoto wa jirani walikuja mlangoni kumwita wakacheze rede, akawajibu, "Siwezi." Nilimsikia. Nilikuwa macho, namsikia, nikanyamaza. Akitoka yeye, chumba kinabaki na mimi peke yangu. Siku ya kunitoa eda wanawake walifunga mlango, wakamwambia akae nje na wenzake. Mimi ndani nanukia udi, yeye nje anasubiri zamu yake.

Wifi hakuwepo hata siku moja katika hizo.

Nikamweleza. Nikamwambia eda ni ya mke, dini haimwekei mtoto, wewe huna kosa. Alinisikiliza kama ninavyomsikiliza karani akiniambia njoo kesho. Machozi yamekauka, miguu haisogei.

"Unabishana naye nini?" yule mama akaniuliza. "Kakaa, hajakaa?"

"Kakaa."

"Basi mwogeshe. Maji ya kuoshea mihogo yapo pale kwenye pipa, safi, sijayatia mkono."

"Hapa?"

"Ulitaka mahakamani?"

Tukaenda nyuma ya kibanda cha tiketi. Nilimmwagia kwa kopo, naye mwanangu ananisimamia: kulia kwanza, halafu kushoto, halafu kichwani. Kumbe siku ile ya kunitoa alichungulia. Akanikumbusha kwamba nguo za eda hazivaliwi tena, hupewa mtu. Nikamwambia hili ni la Idd, hujawahi kulivaa kabla ya leo. Akasema, "Linanibana."

Mama wa makopa akalipokea kwa mikono miwili, akalipima kwa macho. "Nina mjukuu saizi ya kikombe. Ahsante, mama," akamwambia mwanangu, na mwanangu akaitikia kama mtu mzima.

Nikamfunga kanga yangu shingoni. Kwenye pochi nilikuwa na kile kichupa cha marashi nilichopewa siku yangu. Nikampaka nyuma ya masikio na viganjani. Akanusa viganja, akanusa tena. Kisha akatembea peke yake mpaka kwa farasi asiye na sikio, akapanda.

Duara lilikuwa zito. Yule mama alishika upande ule, mimi huku, tukasukuma. Chuma kikalia kama punda, makopa yakaanza kumwagika, mwenyewe analalamika, "Chakula changu jamani!" na hata hivyo anasukuma. Mwanangu hakucheka mwanzoni. Alishika shingo ya farasi. Mzunguko wa tatu au wa nne akapiga kelele, "Mama, kwa nguvu!"

Picha sikupiga. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye chuma.

Wifi nilimpigia tukiwa stendi, nikamwambia yake ya zile Idd mbili, na sikumpunguzia. Ya eda sikumtia humo.

Kesho yake jioni watoto wa jirani walikuja mlangoni kumwita wakacheze rede. Alitoka mbio, hata ndala hakuvaa, hata kuniaga hakuniaga. Nilimsikia nje akigombania zamu. Mimi nikabaki mkekani, chumba kizima changu.