Chumba cha Bibi kinapitia chumbani kwa Baba

Leo Bibi amekataa kuingia kwenye chumba alichojengewa.

Amekuja Kabuku kutoka Misima kuangalia nyumba yetu mpya, kwa sababu ndiyo atakayohamia. Bibi ni mama yake Mama.

Kuta zimefika kwenye lenta, juu ya milango. Bibi akauliza, "Changu kipi?"

Fundi akamwonyesha. Ili ufike huko, unapita chumba cha kulala cha Baba na Mama. Njia nyingine hakuna.

Bibi akageuka, akaenda kukaa juu ya tofali.

"Nipite kitandani kwa mkwe wangu? Narudi Misima."

Baba akaangalia viatu vyake. Mimi nilijifanya nasoma kitabu.

Mchora ramani akapigiwa simu, akaja na pikipiki kutoka Korogwe.

"Mzee, ramani ulisaini mwenyewe."

"Nilisaini nikijua na wewe una mama mkwe," akajibu Baba.

"Mimi nimejenga kilichochorwa," akasema fundi, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Kwani Bibi hawezi kupita haraka haraka?" akauliza mchora ramani.

Fundi akaacha kukoroga zege.

"Haya, kosa langu," akasema mchora ramani. "Tutatoboa mlango sebuleni. Fundi nitamlipa mimi."

Akauchora mlango mpya palepale, akampa Baba kalamu asaini.

Baba hakuipokea. "Mpelekee mama mkwe, pale kwenye tofali."

(Kwenu kosa kama hili lingekuwa la nani? Niambieni, nataka kujua kweli.)

Bibi naye hakusaini. Aliuliza kwanza, "Na chooni napita wapi?"

Mchora ramani ameifungua ramani tena. Ninavyoandika hivi, bado anaitazama.