Umepiga Mlango

Kwenye kikundi chetu cha wapiga picha, picha haionyeshwi, inachinjwa. Neno hilo alilileta mwenzetu mfanyabiashara wa mbuzi, ambaye jamaa zake walihamia huku kutoka Kaskazini Mashariki, nalo likatukaa kwa sababu linasema ukweli. Kila mtu anatuma picha moja kwenye kundi letu la simu, halafu Jumamosi mchana tunakutana kwenye hoteli moja hapa Kwa Vonza, tunaagiza chai na chapati, na tunaichambua hadi mifupa. Sheria ni moja tu: mwenye picha hazungumzi. Hata ukiona unaonewa, unanyamaza mpaka wote wamalize. Mimi sheria hiyo imenishinda mara nyingi, kwa kuwa mdomo wangu haujazoea kukaa bure.

Hakuna kati yetu anayekula kwa kamera. Mimi nina duka la mbegu na dawa za mifugo. Kuna mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ambaye anapiga miti, milima na mistari ya barabara, na hapendi watu waingie kwenye picha zake kwa sababu, anasema, watu husogea. Kuna muuguzi, mama wa makamo mwenye kicheko kikubwa, anayependa kupiga mikono: mikono ikipepeta ndengu, mikono ikisuka vyondo. Na kuna huyo wa mbuzi, ambaye hana kamera kabisa. Ana simu yenye kioo kilichopasuka, na anapiga mbuzi.

Mabishano yetu hayana mwisho na hayana faida, na ndiyo maana tunayapenda.

"Simu si kamera," mwalimu husema kila Jumamosi, kama mtu anayefungua mkutano.

"Mwalimu, mbuzi hajawahi kuniuliza nimemshika na nini," mwenye mbuzi humjibu.

"Lakini ukikuza hiyo picha inakuwa uji."

"Kwani nani amekuambia nataka kukuza? Mteja akiona masikio na meno, tumemaliza."

Wengine wanaweza kubishana kuhusu simu na kamera hadi chai ipoe. Ugomvi wangu na mwalimu ulikuwa mwingine. Ulikuwa wa ukungu.

Ukungu ni jina letu la ule weupe laini unaotokea nyuma ya mtu kwenye picha. Nilinunua lenzi iliyotumika, ile tunayoiita hamsini, na mara ya kwanza nilipolifungua kabisa tundu lake la mwanga nilishangaa mwenyewe. Uso wa mtu ulitoka safi, hadi nyusi unaweza kuzihesabu, na kila kilichokuwa nyuma yake kikayeyuka. Nilikuwa nimechoka na nyuma za picha za kwetu. Unampiga bibi harusi, nyuma yake kuna jerikeni za njano, nguo za ndani kwenye kamba na mlango wa choo. Na ile hamsini ikaniondolea vyote. Watu walianza kuniambia picha zangu zinafanana na za magazeti, na mimi, sitaficha, kichwa kikavimba.

Mwalimu hakuvumilia. "Wewe kila mtu unampiga kama amesimama mawinguni," aliniambia siku moja tulipokuwa tukichinja picha ya mama yangu. "Huyu mama anaishi wapi? Mbinguni?"

"Anaishi Makueni," nilijibu, nikavunja sheria.

"Basi Makueni iko wapi hapa? Umemaliza background yote! Hata mti mmoja hukumwachia."

Muuguzi akanitetea, akasema uso wa mama unatosha, yeye hahitaji mti. Mwenye mbuzi akasema kwao ukimpiga mtu picha bila mifugo yake ni kama umempiga mgeni. Mimi nikasema nyinyi wote mna wivu. Nikalipa chai yangu nikaenda zangu, na Jumamosi iliyofuata nikarudi, kwa kuwa nitaenda wapi kwingine?

Mama yangu anaishi ndani kidogo kutoka barabara kuu, upande wa Kiboko. Nilikuwa nikienda kumwona, na kila nikienda nilimpiga picha moja, pale pale nje ya mlango wa mbele, kwa sababu asubuhi kivuli huanguka vizuri hapo. Mama hapigwi picha kwa kushtukizwa. Anaingia ndani kwanza, anabadilisha gauni, anafunga kitambaa cha kichwa, anatoka na kusimama wima kama yuko kwenye safu ya kwaya. Hacheki. Nikishabonyeza, huwa ana swali moja tu.

"Mwiitu, nyumba imeingia?"

Hivyo ndivyo ananiita, mwiitu, binti, ingawa nina wajukuu. Na mimi nilikuwa namjibu, "Imeingia, mwaitu," yaani mama. Sikuwa nadanganya. Nyumba ilikuwa imeingia, ila imeingia kama ukungu.

Nyumba yenyewe haikuwa kitu cha kutembelewa na wageni. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma ambayo mama alibebea maji kwa mgongo na baba akayapanga, mengine meusi, mengine mekundu, mengine yamejikunja kwa moto. Mlango ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi ya buluu. Mchwa walikula ubao wa chini, na baba, kabla hajafariki, akapiga kiraka cha bati la mkebe wa mafuta ya kupikia, na maandishi ya mkebe yakabaki yakionekana, yamesimama kichwa chini.

Kuna asubuhi moja nilimpiga mama nikiwa na haraka. Kwenye kioo kidogo cha kamera picha ilionekana sawa, nikaituma kwenye kundi. Jumamosi, mwalimu akaikuza kwenye simu yake, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wanakikundi," alisema, "dada yetu amepiga mlango."

Nilinyakua ile simu. Kweli. Mama alikuwa amefifia, ni kitambaa cha kichwa na gauni tu, na nyuma yake mlango umetoka wazi hadi misumari inaonekana. Kamera ilikuwa imeshika nyuma badala ya mbele. Muuguzi alicheka hadi akamwaga chai. Mwenye mbuzi akasema angalau ni mlango mzuri. Kwa hasira nilichukua kamera, nikaifuta ile picha pale pale mezani wakiniona, na nikawaambia hiyo habari imekwisha.

Haikwisha. Tangu siku hiyo, mtu yeyote wa kikundi akikosa shabaha, anaambiwa amepiga mlango. Umepiga ndege ukakosa ndege ukapata tawi? Umepiga mlango. Mwalimu akawa na tabia ya kutuma ile picha yangu kwenye kundi kila mtu anapokosea, bila neno lolote, kama mtu anayegonga muhuri. Nilimwonya. Nikaacha kumsalimia kwa muda. Akaendelea.

Halafu mvua zikaja zile za kupita kiasi, na nyumba ya mama ikapasuka ukuta kutoka dirishani hadi chini. Ndugu zangu wakakaa, wakaamua. Wakamjengea nyingine hapo kando, ya mawe, yenye madirisha makubwa na vigae, na ya zamani wakaiangusha, matofali yakaingia kwenye msingi wa jikoni. Mama alikubali. Hakulia, hakulalamika, alibeba hata matofali mawili matatu yeye mwenyewe. Sote tulifurahi kwamba mambo yameenda vizuri.

Siku chache kabla ya akina mama wa kanisa kuja kuombea nyumba mpya, alinipigia simu.

"Niletee visa ya nyumba," aliniambia. Visa ni picha, kwa Kikamba. "Ile ya zamani. Nataka kuiweka ukutani kabla hawajakuja."

Nikamuuliza ya nini, na nyumba mpya ndiyo hiyo wanakuja kuiona.

"Nitasimama nitoe ushuhuda," alisema. "Nitasema Mungu amenitoa mbali. Sasa wakiniuliza ni mbali wapi, nitawaonyesha nini? Bila hiyo nyumba, hata nikisimama sina la kusema. Si wewe ulikuwa unaipiga kila ukija? Uliniambia imeingia."

Nikamwambia ndiyo, mwaitu, iko. Nikakata simu, nikafungua kompyuta.

Mama alikuwa huko, mwaka baada ya mwaka, wima, safi, kila mkunjo wa uso mahali pake. Nyuma yake palikuwa na doa la buluu. Katika nyingine doa la kahawia na jekundu. Katika nyingine, hata rangi haikusomeka. Nilipitia zote, kisha nikazipitia tena polepole nikitumaini kuna moja ambayo kwa bahati nilifunga lenzi kidogo, nyuma ikaonekana. Haikuwepo. Nikawapigia ndugu zangu. Mmoja alikuwa na picha ya ukuta uliopasuka, ufa peke yake, aliyompigia fundi. Mwingine alikuwa na za nyumba mpya. Nililia pale dukani, nikiwa nimekaa juu ya magunia ya chakula cha kuku, na sikulia kwa uchungu mtamu wa kumkumbuka baba. Nililia kwa hasira. Nyumba nimezaliwa ndani yake, nimesimama mbele yake na kamera miaka yote hiyo, na nimeifuta kila mara, tena nikijipongeza.

Ndipo nikakumbuka mlango.

Kwangu haikuwepo. Simu niliyoitumia kuituma nilishaibadilisha, mazungumzo ya zamani ya kundi yakapotea nayo, na kwenye kamera niliifuta mbele ya mashahidi. Mtu pekee niliyekuwa na hakika anayo ni yule niliyemwonya asiitumie. Nilizunguka na ile simu mkononi nusu ya siku. Kumwomba mwalimu hiyo picha kwangu ilikuwa kama kumeza dawa ya ng'ombe. Mwishowe nikamwandikia hivi: "Mwalimu, naomba ile ya mlango. Ni ya mama."

Nilisubiri anicheke. Aliituma papo hapo, kisha akapiga simu.

"Picha ikipita kwenye kundi hupunguzwa," alisema. "Hii nimekutumia ndiyo kubwa kabisa niliyo nayo. Usiichapishe zaidi ya ukubwa wa daftari, itavunjika." "Mama yako yuko salama?"

"Yuko salama. Nyumba ndiyo haipo."

"Aiya," alisema, na hakuongeza neno, yeye anayeongeza neno kwa kila kitu. Nilimsamehe wakati huo huo, ingawa sijamwambia hadi leo, asije akazoea.

Nilienda Kitui mjini kuichapisha. Kijana wa duka aliitazama kwenye kompyuta yake, akanitazama mimi kwa huruma.

"Madam, hii imekosa focus. Huyu mama haonekani. Huna ingine?"

"Ninazo nyingine nyingi," nilimwambia. "Chapisha hiyo."

Siku ya maombi sebule ilijaa akina mama wenye vitambaa vya kichwa, na walioingia mwisho wakakaa nje kwenye viti vya plastiki. Picha ilikuwa ukutani, ndani ya fremu, kati ya kalenda ya kanisa na saa. Nilikaa karibu na mlango wa jikoni nikiwa na wasiwasi. Niliona mwanamke mmoja akiikaribia, akiinamisha kichwa huku na huku, akimnong'oneza mwenzake kwamba labda kioo kina mvuke.

Mama alisimama. Bwana asifiwe, wakaitikia. Akanyoosha kidole ukutani.

"Huyu wa ukungu ni mimi," alisema. "Mimi msinitafute huko, niko hapa mnaniona. Tazameni nyumba."

Akaanza kuisoma. Akawaonyesha matofali yaliyoungua na ambayo hayakuungua, na kwa nini, kwamba kuni zilikuwa zimeisha upande ule. Akawaonyesha kiraka cha mkebe na maandishi yaliyosimama kichwa chini, akasema mwenye kukipiga hakujua kusoma na hakuona kosa, na yeye hakumwambia, kwa kuwa upepo uliacha kuingia. Wanawake walicheka, wengine wakafuta macho. Aliwaeleza kila kitu kilichokuwa kwenye ile picha hadi msumari wa kutundikia kofia. Halafu akasema, "Hapo ndipo Mungu alinitoa," akaketi, na wakaimba.

Baada ya chakula, nikikusanya sahani, nilimkuta amesimama peke yake mbele ya fremu. Aligusa kioo kwa kidole, mahali pa mlango.

"Kumbe ukitaka unaweza," aliniambia. "Hii umeipiga vizuri. Zile zingine zote ulikuwa na haraka ya nini?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na ya lenzi, na ya kivuli cha asubuhi, na ya jerikeni za njano. Lakini picha ilikuwa yangu na ilikuwa inachinjwa, na mwenye picha hazungumzi. Nikazishika sahani zangu nikanyamaza.