Nyumba ya Mtani Wangu wa Cheyo

Njia ya zamani ya misafara nimeitembea kwa miguu kutoka Ujiji hadi Uzaramo, na huko kwa watani zetu nilijifunza kutonyamaza. Wiki iliyopita kuliniponza.

Mimi ni karani wa baraza la rufaa za kodi ya nyumba hapa Tabora. Kanuni inataka kila neno linalosemwa barazani liandikwe, nami naifuata kwa majivuno.

Siku hiyo alisimama Mzee Kibwana, Mzaramo wa Cheyo, kuomba apunguziwe kodi kwa sababu mvua imebomoa ukuta wake wa nyuma. Mimi Mnyamwezi ningevumilia vipi?

"Msimsikilize. Nyumba ni yangu, na huyu ni mtumwa wangu. Nimempa pa kulala tu."

"Ni kweli, bwana wangu," akajibu kwa upole. "Basi kodi ulipe wewe."

Wazee wa baraza walicheka mpaka wakafuta machozi. Nami nikayaandika yote, yake na yangu, naye akatia dole gumba.

Leo asubuhi Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, Mwingereza aliyehamia juzi na asiyejua utani, ameniita. Kumbukumbu zangu zilikuwa mezani kwake.

"Mzee Kibwana nimemfutia kodi yote," akasema. "Sasa, karani, ukuta wa nyumba yako utaujenga lini?"