Vinyoya vya Watoto wa Togo

Msinicheke sana, najicheka mwenyewe inatosha. Tonton Bosco, kocha wetu hapa Brussels, alikuwa anajiandaa kwenda Togo kujitolea kufundisha badminton mashuleni. Raketi siiwezi, nikaomba walau kazi ya mikono. Akanikabidhi kasha la vipira vya manyoya vya watoto wale.

"Maman Zaina, uvipitishe tu juu ya mvuke kidogo, donc manyoya isivunjike haraka."

Mvuke kidogo? Nikaona huo ni uchoyo. Kwa watoto wa watu nikachemsha maji sufuria nzima ya pilau, nikavichovya vyote mpaka vikakolea. Vilipokauka nikavirudisha, kifua mbele.

Jumamosi, ukumbini Uccle, Tonton akanipa heshima ya kupiga cha kwanza mbele ya wote waliochangia safari yake. Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Kizibo, kile kichwa cha kipira, kikavuka wavu peke yake, manyoya yakaninyeshea kichwani. Tonton akajaribu kingine: yale yale.

Akaokota unyoya kwenye kilemba changu, akauliza kwa upole, "Maman, kule Bujumbura kuku munanyonyoaka namna gani?"

"Kwanza tunamchovya kwenye maji ya moto," nikajibu upesi, ndipo nikajisikia.