Yadi Nne kwa Kila Mke

Mume wetu alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilinitesa kuliko dhuluma za waume wengine. Akileta sukari, mafungu mawili sawasawa. Akileta mche wa sabuni, anaukata katikati kwa uzi, mimi na mke mwenzangu tukiangalia. Aliogopa kufufuliwa Siku ya Kiama ubavu mmoja umelala kwa kumpendelea mke mmoja, na hofu hiyo aliibeba mpaka dukani. Kila Idi ilipokaribia alikwenda kwenye duka la ushirika akarudi na kitambaa: yadi nne zangu, yadi nne za mwenzangu.

Sasa nitazame mimi. Nilikuwa mnene tangu usichana, na sikuona aibu. Nilipotolewa mwali kule Vihingo wanawake walizipigia vigelegele nyonga zangu, na shangazi yangu akanizungusha tena ili waliosimama nyuma nao waone. Nilikua nikijua kuwa mimi ni mzuri. Duka ndilo lililokuja kunieleza kuwa sivyo. Magauni ya tayari yaliyoletwa miaka ile ya Ujamaa yalikuwa saizi moja, kana kwamba nchi nzima imekubaliana kiuno. Ukiuliza kubwa zaidi, muuzaji anakwambia, "Mama, shukuru hata hayo yamekuja." Nilishukuru, nikarudi nyumbani na khanga zangu, ambazo nazo nilitembea nimezishika pindo kwa mkono.

Mwenzangu alitoka Misugusugu, na alikuwa mwembamba kama mchi. Khanga ilimzunguka mara mbili na ncha ikabaki ya kufutia jasho. Yadi nne kwake zilikuwa gauni, marinda, mikono ya kuvimba na kilemba juu. Yadi nne kwangu zilikuwa gauni la kubana, fupi, ambalo nisingeweza kuinama nalo kwenye kinu. Kitambaa ni kile kile, kimekatwa siku ile ile. Watu waliotuona pamoja walidhani mume ananinyima. Wengine walinionea huruma, na hilo liliniuma kuliko yote.

Nilimwonea wivu mwanamke yule, wala sitafuti neno la kulainisha. Niliyaonea wivu marinda yake yalivyorukaruka alipokwenda kisimani. Nilikionea wivu kiti chenye mikono alichoweza kukikalia, mimi nikitafuta mkeka. Nilikuwa na watoto wanne katika ua ule, yeye bado hana hata mmoja, na hilo halikunisaidia kitu. Kipya kinyemi, walisema wazee, lakini hawakusema yule wa zamani ashike wapi.

Mwaka mmoja wifi yetu, mdogo wake mume wetu, alikuwa anaolewa Mkuza. Wanawake wa ukoo tulikubaliana sare, kitambaa cha maua ya njano, kila mume amnunulie mkewe. Kwetu ilikuwa desturi wifi mkubwa atangulie na sinia la udi na marashi, wengine wafuate nyuma yake wakiimba. Wifi mkubwa nilikuwa mimi. Lakini asiye na sare hashiki sinia. Anakaa jikoni na wapishi. Nikikosa gauni, sinia lingekwenda kwa anayenifuata, na aliyenifuata alikuwa yeye.

Kitambaa kikaja. Yadi nne, yadi nne.

"Bwana, hizi hazinitoshi," nikamwambia.

"Zako ni sawa na zake."

"Ndiyo maana hazinitoshi."

"Mama watoto, mimi nitaulizwa mbele ya Mungu."

"Utaulizwa pia kwa nini mkeo alipita Mkuza nzima mgongo wazi."

Akaiweka sawa kofia yake, akatoka.

Tukaenda sote wawili, mimi na mwenzangu, kwa fundi, Mlandizi. Ukutani kwake kulikuwa na picha ya mwanamke wa gauni, kiuno kama kimefungwa kwa kamba, na wateja wote tulipimwa mbele ya huyo. Alianza na mwenzangu, akamaliza upesi. "Kitambaa kitabaki," akamwambia. "Nikuwekee marinda mstari mmoja au miwili?" Mwenzangu akasema miwili. Kisha akanizungushia mimi utepe wa kupimia, ukaishia njiani. Akaweka kidole pale ulipoishia, akaanza tena kutoka hapo.

"Mama, nikikupa mikono nitakunyima mgongo," akasema. "Chagua."

Nikamwambia asikate kwanza. Nilikunja kitambaa changu nikakirudisha kikapuni.

Njiani mwenzangu alinisogelea. "Dada, marinda si lazima. Chukua kipande changu kinachobaki, atakuungia ubavuni."

"Sivai makombo," nikamjibu.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu kupika. Kwa kawaida nilipakua ugali kwenye sinia, mume wetu akala na mama yake na watoto, na mlima mkubwa ukawa upande wake, maana alikuwa pandikizi la mtu na alishinda shambani kwenye mikorosho. Siku hiyo nilichukua bakuli dogo la bati. Nikalijaza ugali wa muhogo, nikaugeuza kwenye sahani ya mume. Nikajaza tena, nikaugeuza kwenye sahani ya mama mkwe, ambaye meno yalikuwa yamemwisha. Nikajaza tena, nikampa kitinda mimba wangu aliyekuwa ndiyo kwanza ameacha ziwa. Kisamvu nacho upawa mmoja mmoja.

Mume wetu aliitazama sahani yake, akaitazama ya mtoto.

"Hiki nini?"

"Haki," nikasema. "Sote sawa."

Mama mkwe alijifunika mdomo kwa khanga. Mume wetu hakucheka. Alikula kile kidogo kwa matonge matatu, akanawa, akasema nyumba hii imeingiliwa na kiburi, akaenda kushinda kwa jirani. Siku ya pili nikampimia vilevile, akanuna vilevile. Njaa yake ilinifurahisha, sitaficha, lakini yadi hazikuongezeka.

Halafu zamu ikahamia kwa mwenzangu, nami nikajua nimeshindwa. Nilijua atampikia wali wa nazi, atamjazia mpaka afungue mkanda, na mwenye haki yote nchini atalala ameshiba akinisema mimi. Nilikaa barazani nikichambua mchicha usio na kosa, macho yangu kwenye mlango wake.

Akatoka na sahani. Akaiweka mbele ya mume. Juu yake kulikuwa na ugali wa kipimo kile kile, umegeuzwa kwa bakuli dogo la bati. Sijui alilichukua jikoni kwangu saa ngapi.

"Sote sawa, bwana," akasema kwa sauti yake ile laini.

Na mume wetu akacheka. Alicheka mpaka kofia ikamtoka, mama mkwe naye akacheka, akamwambia, "Mwanangu, ubavu wako hautalala kwa yadi mbili. Kamnunulie mkeo." Asubuhi akapanda baiskeli yake, na jioni akarudi na kipande cha maua ya njano kimefungwa kwenye gazeti.

Gauni lilishonwa. Lilikuwa na mikono na mgongo, likashuka mpaka kwenye vifundo vya miguu, na nilipoinama halikulia popote. Nilitangulia na sinia Mkuza nzima, udi ukifuka, wanawake wakiniita mama wa shughuli. Nilipendeza, na nilijua. Lakini kila hatua nilikuwa nawaza jambo moja: nilipompimia mume wetu mimi, aliita kiburi. Alipompimia yeye, kwa bakuli langu, kwa maneno yangu, akaelewa. Nyuma yangu nilisikia marinda yake, mistari yote miwili. Wivu ule ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza, na haukuwa na mshono wa kuachia. Mpaka leo sijamshukuru.

Miaka ikapita. Mwenzangu akazaa, akazaa tena, na mwili ukamjia kama ulivyonijia mimi, akaanza kushika pindo la khanga kwa mkono. Idi moja mume wetu, ambaye sasa alikuwa anauliza kabla ya kununua, alimwuliza anunue yadi ngapi. Mwenzangu akasema, "Muulize dada, yeye ndiye anayejua."

Akaja barazani kuniuliza. Nikamwambia nne, kama kawaida.

Akachukua baiskeli akaondoka. Alipofika kwenye mnazi wa pili nikamwita arudi, nikamwambia sita. Lakini kwanza nilimwacha afike kwenye mnazi wa pili.